Sekunde tisini za Jumanne usiku

Simu ya ofisini kwetu hailii. Ipo kwa sababu namba yake huonekana kwenye kibao cha mwisho wa kila kipindi, na kibao hicho nilikitengeneza mwenyewe miaka mitatu iliyopita, siku nilipokuwa na muda. Ilipolia Jumatano ile saa tatu asubuhi, mwanafunzi anayetusaidia kuhariri aliigeukia kama mtu aliyesikia kabati likikohoa.

Nikapokea mimi.

"Huko ndiko kwenye televisheni ya chuo?"

"Ndiko mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini mnamkata yule mwalimu wa hesabu za bahati?"

Nilimwomba anieleze. Akaeleza polepole, kama mtu aliyekuwa amejipangia maneno. Kila Jumanne saa nne usiku anamtazama profesa wetu wa takwimu. Profesa huanza somo kwa fumbo. Husema, "Jibu nitawapa mwishoni." Kisha hufundisha saa nzima. Na kila Jumanne, akishaweka chaki chini na kuwageukia wanafunzi kusema "Sasa, lile fumbo letu," inaingia nembo ya chaneli na muziki.

"Vipindi vyote kumi na viwili," alisema. "Hakuna hata kimoja mlichomwacha amalize."

Nikamwambia nitaangalia. Hilo ndilo jibu tunalompa kila mtu.

Nikaangalia.

Alikuwa anasema kweli.

## Kosa lenyewe lilivyokuwa

Niwaeleze, maana waliowahi kukaa mbele ya mitambo ya kurushia matangazo watanicheka, na wanastahili kunicheka.

Televisheni ya aina yetu haiongozwi na mtu anayebonyeza vitufe. Inaongozwa na seva na orodha. Ukiiambia seva kwamba saa tano kamili kuna kitu kingine, ikifika saa tano kamili itakirusha, hata kama anayezungumza ndiyo kwanza anavuta pumzi ya kusema neno la mwisho. Seva haina adabu wala haina haraka. Inafuata saa.

Zamani nilitenga sekunde tisini za mwisho wa kila saa kwa nembo na matangazo ya chuo: tarehe za usajili, mihadhara ya wazi, saa za maktaba. Kwa hiyo kila kipindi chetu kinatakiwa kiwe cha dakika 58 na sekunde 30. Mhariri hupunguza hapa na pale, anaondoa dakika ambayo projekta iligoma kuwaka, anaondoa kikohozi, mambo yanakaa sawa. Lakini mfululizo huu ulikamilika wiki ambayo mhariri wetu mwanafunzi alikuwa anahitimu. Alimaliza kazi ngumu, akaniachia ile nyepesi. Mimi nikapakia mafaili kama yalivyokuwa, saa nzima kila moja, ndani ya nafasi isiyotosha saa nzima.

Wala sikutazama.

Hapo ndipo pananiuma. Mfululizo ule ulirushwa Jumanne usiku, ukarudiwa Alhamisi asubuhi na Jumamosi alasiri. Zaidi ya mara thelathini tulimkata profesa kwenye sentensi ileile, na chaneli nzima, pamoja na mimi ninayelipwa kuitazama, hatukuona.

## Saa 168

Watu wakisikia unaendesha chaneli hudhani kazi yako ni kamera. Kamera ni sehemu ndogo. Kazi ni kujaza.

Wiki ina saa 168. Sisi, tukijitahidi kweli, tunatengeneza saa tano mpya. Zilizobaki ni marudio, hazina ya zamani, vipindi vya kubadilishana na vyuo vingine, na ule ubao wa matangazo wenye muziki ambao kila chaneli ya chuo inao na hakuna anayeupenda. Nilipoanza niliona haya kurudia vipindi. Nilihisi kama mwenyeji anayepakua kiporo kila mgeni anapobisha hodi.

Fundi wetu ndiye aliyenitoa haya hiyo. Aliniambia nigawe siku katika mafungu matatu ya saa nane, na kila kipindi kirushwe mara tatu, kila mara katika fungu jingine. Anayefanya kazi usiku atakipata mchana, anayefanya kazi mchana atakipata jioni, asiyepata usingizi atakipata alfajiri. "Kwako ni marudio, bosi," alisema. "Kwake yeye ni mara ya kwanza." Tangu siku hiyo napanga ratiba kwa kumfikiria mtu mmoja aliyerudi nyumbani amechoka, si kwa kumfikiria mkuu wa idara anayetaka sherehe yake irushwe saa mbili usiku.

Na sherehe zipo. Mnazijua. Hotuba za mahafali, uzinduzi wa jengo, mkono kwa mkono na wafadhili. Nimezirusha zote. Ombi la kurudia sherehe sijawahi kulipata kwa mtu ambaye hakuonekana ndani yake.

Neno moja kuhusu sauti, kisha niendelee. Picha mbaya watu huvumilia. Sauti mbaya huwafukuza. Mhadhiri anayegeukia ubao anaimeza nusu ya sentensi, na kipaza sauti cha kwenye meza husikia zaidi karatasi kuliko mtu. Halafu kuna ukubwa wa sauti: Ulaya kiwango cha matangazo ni -23 LUFS, Marekani ni -24 LKFS (hivyo ni vipimo vya ukubwa wa sauti), na kipindi kisichofuata kiwango humlazimisha mtazamaji ashike rimoti. Mkono ukishashika rimoti, umempoteza. Tulitumia mwaka mzima kumshawishi kila mhadhiri avae kipaza sauti cha kifuani. Profesa wa takwimu alikuwa wa mwisho kukubali. Ndiyo maana yule mama alisikia kila neno, isipokuwa lile alilolisubiri.

## Waraka ulio kwenye droo

Sasa niseme kilichonifanya nisipate usingizi, kwa sababu kipindi kilichokatwa hurekebishwa kwa dakika kumi.

Wiki mbili kabla ya simu ile nilikuwa nimemaliza kuandika waraka wa kurasa sita nikishauri chuo kifunge chaneli ya kebo. Kila kitu kihamie mtandaoni. Niliuandika kwa moyo mweupe. Watu wanaacha kulipia kebo, kila mwaka wanazidi, na mtu mwenye simu mkononi hahitaji kusubiri Jumanne. Tunalipia seva, tunalipia njia ya kupeleka mawimbi kwa kampuni ya kebo, tunalipia fundi wa zamu. Kwa faida ya nani?

Ukurasa wa pili ulikuwa na sentensi niliyojivunia: "Chaneli haina watazamaji wanaojulikana."

Ni kweli haina. Chaneli ndogo hazipimwi. Wapimaji huweka vifaa katika nyumba chache zinazowakilisha nyingine, na chaneli yenye watazamaji wachache waliotawanyika huweza kukosa kuonekana katika nyumba hata moja kati ya hizo, ikaandikiwa sifuri. Visimbuzi vya kisasa vinajua nyumba ipi inatazama nini, lakini taarifa hizo ni mali ya kampuni ya kebo, na kampuni haina sababu ya kunipa. Kwa hiyo tunarusha kama mtu anayeongea gizani. Hujui kama chumba ni kitupu au watu wamenyamaza.

Mtandaoni nina namba. Nina namba hata nisizozihitaji.

Mchana wa ile Jumatano nikafungua namba za mfululizo uleule wa takwimu mtandaoni. Huko vipindi ni vizima, havikukatwa. Jibu la fumbo lipo, mwishoni, safi. Kuna mchoro unaoonyesha watazamaji wanapungua dakika baada ya dakika. Mstari unaanza juu, unaporomoka kabla ya dakika ya tano, kisha unatambaa chini kama mjusi hadi mwisho. Waliofika dakika ya mwisho nikiwahesabu vidole vinabaki.

Nikakaa na jambo hilo.

Waliopewa jibu hawakufika kwenye jibu. Na aliyefika, tulimnyima.

## Ndege juu ya Indiana

Nikiwa na wasiwasi huwa nasoma historia, kwa sababu ndani yake kuna watu waliokuwa na wasiwasi kama wangu na pesa nyingi kuliko zangu.

Mwaka 1952 tume ya mawasiliano ya Marekani ilitenga masafa 242 ya televisheni kwa ajili ya elimu tu. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Houston kikawasha kituo chake cha televisheni, KUHT, na masomo yanayohesabiwa kwenye shahada yakaanza kurushwa, watu wakisoma sebuleni. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha New York kilianza kufundisha kupitia kituo cha televisheni cha CBS saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu! Kozi ya kwanza ilikuwa ya fasihi linganishi, na riwaya ya kwanza iliyofundishwa ilikwisha kwenye maduka ya vitabu ya jiji. Kipindi kile kiliishi hadi 1982.

Ninachokipenda zaidi ni cha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walimu wa majimbo ya kati ya Marekani walitaka masomo ya televisheni yafike shule za vijijini, na minara haikutosha. Basi ndege aina ya DC-6 ilikuwa ikiruka kutoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Purdue, inapanda hadi futi zipatazo 23,000, halafu inazunguka juu ya mji mdogo wa Montpelier, Indiana, saa kadhaa, ikirusha masomo yaliyorekodiwa hadi shule za sehemu za majimbo sita. Mnara unaoruka. Nawaza fundi aliyekaa humo ndani na kanda zake, akiombea hewa itulie.

China mwaka 1979 ilifungua chuo kikuu cha taifa cha redio na televisheni. India ilikuwa imekwisha kujaribu mwaka 1975 kwa setilaiti ya kuazima kutoka Marekani, ikirusha vipindi vya elimu katika vijiji vipatavyo 2,400. Uingereza, Chuo Kikuu Huria kilianza kuonekana BBC Januari 1971, na kizazi kizima kinakumbuka wahadhiri wenye ndevu na mashati ya kola pana wakieleza milinganyo usiku wa manane.

Sasa sikilizeni upande wa pili, kwa sababu nisipousema nitakuwa nawadanganya. Chuo Kikuu Huria, chenye wanafunzi waliohitaji kweli vile vipindi, chenye BBC nyuma yake, kiliacha kurusha masomo yake kwa mtindo ule Desemba 2006. Wanafunzi walikwishazoea kurekodi kwa mashine na kutazama kwa wakati wao; baadaye zikaja diski, ukaja mtandao. Kama wao waliona saa ya televisheni haina kazi tena, mimi na ubao wangu wa matangazo ni nani?

Huko Marekani ndiko chaneli kama yetu zimeenea zaidi, na nako maisha yake ni ya kuegemea. Sheria ya kebo ya 1984 iliruhusu miji kuidai kampuni inayopitisha nyaya chini ya barabara zake itenge chaneli kwa ajili ya umma, elimu na serikali, na kulipa ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato. CUNY TV, chaneli ya Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ilizaliwa mwaka mmoja baadaye. Lakini ada ya asilimia ni asilimia ya kitu. Wateja wakiondoka, kitu chenyewe kinanywea, na chaneli zilizoegemea hapo zinanywea nacho. Hili nililiandika kwenye waraka, ukurasa wa tatu. Bado naamini ni kweli.

## Nikampigia

Alhamisi nikampigia yule mama. Nilikuwa na suluhisho, nikalitoa kwa fahari kidogo.

"Mama, vipindi vyote viko mtandaoni, vizima. Naweza kukutumia anwani, au mtu wa hapo nyumbani akakufungulia."

"Najua viko," akasema. "Mjukuu wangu alinionyesha siku nyingi."

"Sasa mbona—"

"Kule mtu anaweza kusogeza mbele akaangalia jibu."

Nikanyamaza.

"Mimi najijua, mwanangu. Nikiweza kusogeza, nitasogeza."

Kumbe kila Jumanne alikuwa anachukua daftari, anaandika fumbo, anasikiliza somo, na kabla saa haijaisha anaandika jibu lake. Halafu anasubiri asahihishwe. Halafu tunaingiza muziki. Wiki kumi na mbili. Alidhani labda profesa anafanya makusudi, kwamba ni mtindo wa ufundishaji, majibu yatatolewa yote kipindi cha mwisho. Kipindi cha kumi na mbili kilipokatwa kama vingine ndipo akainua simu.

Nilimwuliza kama angependa nimsomee majibu. Akasema subiri. Akaenda. Nikasikia kiti, kisha kurasa.

"Mimi ndiye nitakusomea yangu," akasema.

## Maandishi ya chini ya picha

Hapa lazima nirudi kwa yule mhariri aliyehitimu, maana bila yeye ningekuwa nimetoa kiapo cha kupiga tena simu baadaye.

Kazi ngumu niliyosema aliimaliza ilikuwa kuandika maandishi ya chini ya picha kwa masomo yote kumi na mawili. Mashine huandika rasimu, lakini mashine na mhadhiri wa takwimu hawaelewani; kila "wastani" na "uwezekano" huandikwa kwa namna yake, na namba hugeuka mashairi. Kijana alikaa akasahihisha neno kwa neno. Nilikuwa nikimwona na kuwaza kwamba tunapoteza muda wake.

Kuna chuo kilichojifunza uzito wa kazi hiyo kwa njia mbaya. Mwaka 2016 wizara ya sheria ya Marekani ilikiandikia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwamba mihadhara yake ya bure mtandaoni haifikiki kwa viziwi na wengine wenye ulemavu. Chuo kilipiga hesabu ya gharama ya kurekebisha. Mwaka 2017 kikaondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000 za video na sauti. Kila nikifikiria kisa hicho siwezi kuchagua upande kwa urahisi. Kiziwi alikuwa na haki ya kuelewa. Na waliokuwa wakisikiliza mihadhara ile duniani kote waliamka wakakuta mlango umefungwa. Tangu hapo nimeshika kanuni moja: kipindi kisicho na maandishi hakijaisha kutengenezwa. Hakiingii kwenye orodha.

(Haki za picha na michoro kwenye slaidi ni kisa kingine. Anachoruhusiwa mhadhiri kuonyesha ndani ya darasa mara nyingi ruhusa yake huishia mlangoni. Tumewahi kuziba nusu ya slaidi kwa kijivu. Siku nyingine.)

Basi nikiwa na simu begani nilifungua mafaili yale ya maandishi, nikashuka hadi mistari ya mwisho ya kila moja. Sekunde tisini zilizopotea zilikuwa pale, zimepigwa chapa na kijana ambaye hakuna aliyemshukuru.

Mama akaanza kusoma. Mimi nikawa nafuata kwa kidole.

Fumbo la tatu lilikuwa hili: ugonjwa unampata mtu mmoja kati ya elfu moja. Kipimo kinawatambua wagonjwa 99 kati ya 100, na katika wazima mia moja humsingizia mmoja. Umepimwa, umeambiwa unao. Uwezekano kwamba unao kweli ni kiasi gani? Watu wengi husema asilimia 99. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nyuma ya kamera siku ile, nilijisemea asilimia 99.

"Nilichukua watu laki moja," alisema mama. "Wagonjwa humo ni mia. Kipimo kitawaona tisini na tisa. Wazima ni elfu tisini na tisa na mia tisa. Kipimo kitawasingizia mia tisa tisini na tisa. Sasa walioambiwa wanao ni hao wote, elfu moja na tisini na nane, na wa kweli ni tisini na tisa tu. Nikaandika: karibu asilimia tisa."

Kwenye faili: *karibu asilimia tisa*.

Hakuwa ametumia fomula aliyofundisha profesa. Alikuwa amejaza kijiji na watu akawahesabu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikwisha kugeuza ukurasa.

Tulipita yote. Fumbo la sarafu, la kwamba ukisubiri vichwa viwili mfululizo na mwenzako anasubiri kichwa kisha mkia, nani kwa wastani atarusha mara nyingi zaidi, na kwa nini si sawa. Fumbo la siku za kuzaliwa: chumbani wawe watu wangapi ili iwe rahisi zaidi kuwapata wawili wa siku moja kuliko kuwakosa. Fumbo la milango mitatu. Sikusema "ndiyo" wala "hapana", nilikuwa naguna tu. Alipomaliza akauliza:

"Mangapi?"

"Tisa, mama. Tisa kati ya kumi na mawili."

Kimya kirefu. Nikafungua mdomo nimtajie yale matatu.

"Usiniambie yapi," akasema haraka. "Mtarudia lini?"

## Nilichobadilisha

Sikuuchana waraka. Ningependa kuandika kwamba niliuchana, ingesomeka vizuri, lakini mtazamaji mmoja hawezi kulipia seva, na mimi si mtu wa kukieleza chuo kwamba kuna mama ana daftari. Kamati inakutana mwezi ujao. Sijui nitasema nini. Siku nyingine nikiamka naona chaneli ni nyumba tunayoitunza kwa sababu tumeizoea. Siku nyingine naona kwamba mtandaoni tunaweka vitabu kwenye rafu, na kwamba kwenye chaneli tunafanya kitu tofauti kabisa: tunamwambia mtu tusiyemjua, njoo Jumanne saa nne, tutakuwepo. Na kwamba tulimwambia hivyo mara kumi na mbili, akaja mara kumi na mbili, sisi tukaondoka kabla yake.

Ile sentensi ya ukurasa wa pili nimeifuta. "Haina watazamaji wanaojulikana." Nilijaribu kuiandika upya mara nne. "Watazamaji wake hatujawatafuta" ndiyo iliyokaa, kwa sasa, na inanitia aibu kila nikiisoma, kwa sababu aliyetakiwa kuwatafuta alikuwa mimi.

Nimejiuliza pia swali jingine ambalo sina kwa kulipeleka. Vipindi vingine vingapi tumevikata, na watu wakadhani ndivyo tulivyo? Aliyepiga simu ni yule aliyeamini kwamba kulikuwa na jibu. Waliokata tamaa hawapigi. Kwenye mchoro wa mtandaoni wangeonekana wakiondoka. Kwetu wanaondoka bila hata mstari.

Fundi na mimi tulikaa Ijumaa moja tukapitia orodha nzima ya seva, faili kwa faili, urefu wa kila kipindi dhidi ya urefu wa nafasi yake. Tulikuta vingine saba vinavyozidi. Kimoja ni mhadhara wa historia ambao mtoa mada anakatwa akisema "na hapo ndipo nilipogundua kwamba." Tulicheka hadi fundi akavua miwani. Halafu hatukucheka.

Nimehamisha matangazo ya chuo. Sasa hayapangiwi saa. Yanaingia kipindi kikishakwisha, kwa muda uliobaki, na kama hakuna muda uliobaki hayaingii. Ofisi ya uhusiano wameniandikia barua mbili kuhusu jambo hilo.

## Jumanne

Tumeanza kuurudia mfululizo wa takwimu, kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, Jumanne saa nne usiku, mahali palepale. Jumanne ya kwanza sikuitazamia ofisini kwenye skrini za fundi. Nilikwenda nyumbani, nikakaa mbele ya televisheni yangu, kwa kisimbuzi, kama mtu yeyote. Sikumbuki mara ya mwisho kufanya hivyo. Nilishangaa jinsi nembo yetu ilivyo kubwa. Nilishangaa jinsi saa moja ilivyo ndefu usipokuwa na kitu cha kusogeza.

Saa nne na dakika hamsini na nane, profesa akaweka chaki chini. Akageuka. "Sasa, lile fumbo letu."

Nilishika pumzi, na hali orodha niliipanga mimi.

Akajibu. Akaeleza kwa nini. Mwanafunzi wa safu ya mbele akaguna, profesa akacheka, akafuta ubao. Sekunde mbili za weusi, kisha nembo.

Jumatano simu haikulia. Wala iliyofuata. Wala ya wiki iliyopita. Simsumbui. Na kama kuna mtu ana bibi anayetazama chaneli ya chuo akiwa na daftari mapajani, namwomba asimsomee makala hii.

Kesho saa nne usiku ni kipindi cha nne. Ni kimojawapo kati ya vile vitatu.